Kaka, Mwache Zainabu Aende Bagamoyo

Kwako kaka Hamisi,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi, Mama na wote wa Ngamiani huko Tanga. Mimi huku Paris ni mzima, Alhamdulillahi, hofu ni juu yenu. Baridi imeanza lakini koti ninalo na kazi ninayo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale uliposema binti yako hawezi kwenda kujianika mbele za watu. Unataka nitume pesa za vyerehani viwili na kodi ya fremu pale Chumbageni ili Zainabu ashone nguo, na habari ya kwenda kusomea uigizaji chuo cha sanaa Bagamoyo ife. Kaka, pesa ninazo. Kwa shughuli hiyo sizitoi. Nakuomba barua hii umsomee Mama yote, usiruke mistari kama ilivyorukwa ile ya kiwanja cha Pongwe. Pesa za bati nilituma, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha hata picha ya bati moja. Hayo tutayazungumza uso kwa uso, inshallah.

Kwanza mjue nilipofikia. Kwenye usafi wameshanitoa. Sasa nakaa dirishani nakata tiketi, kwenye jumba la sinema lililoko mitaa ya wanafunzi, karibu na mto. Jumba ni dogo, lakini picha za zamani tunazoonyesha zinajaza watu, hata mvua ikinyesha foleni inafika barabarani. Wazee wa Kifaransa wananiuliza mimi, mtoto wa Ngamiani, wiki hii picha ipi nzuri. Nawajibu kwa lugha yao, wanashukuru, wanaingia. Ufunguo wa mlango wa mbele unalala kwangu. Mwambie Mama, yeye aliyekuwa anaogopa nitazeekea kwenye ndoo na dekio.

Zamu ikiisha naingia kuangalia bure, na ndivyo nilivyomjua Simone Signoret. Marehemu sasa, lakini ni mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa waliopata kutokea Ufaransa. Nakwambia habari zake kwa sababu umesema anayeigiza ni mtu asiye na kazi wala ukoo, na kwamba hakuna nyumba inayojengwa kwa kuigiza.

Alizaliwa mwaka 1921 Wiesbaden, Ujerumani, kwa kuwa baba yake alikuwa huko na jeshi la Ufaransa baada ya vita vya kwanza. Akakulia Neuilly, hapa pembeni ya Paris. Baba alikuwa Myahudi, jina la ukoo Kaminker. Wajerumani walipoingia Ufaransa mwaka 1940, mzee akavuka kwenda London kujiunga na Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri, nyuma akabaki mke na watoto watatu, Simone ndiye mkubwa. Ana miaka kumi na tisa, ana mama na wadogo zake wawili wa kiume wanaomtazama yeye. Unajua nani alileta chakula mezani? Yeye. Alifundisha watoto Kiingereza na Kilatini, akapiga chapa kwenye ofisi ya gazeti, kisha akaingia kwenye filamu kama wale wanaopita nyuma ya nyota bila kusema neno, wanalipwa kwa siku. Jina la Kaminker wakati ule lilikuwa hatari tupu, akachukua la mama yake, Signoret. Mtoto wa kike wa umri wa Zainabu, kaka, nyumba nzima mabegani. Na kazi ya kuigiza ndiyo iliyomtoa.

Kuna picha yake ya mwaka 1952, *Casque d'or*. Ametengeneza nywele zake za dhahabu zimepanda juu kichwani, anacheza dansi kwenye baa ya kando ya mto na mwanamume anayejiona mwenye mali. Kila akizungushwa, macho yake yanamrudia fundi seremala aliyeko pembeni. Mwili uko kwa huyu, macho yako kwa yule. Hatamki kitu, na jumba zima la watu linajua kwamba hapa kuna mtu atakufa. Hiyo ndiyo kazi unayoiita kujianika. Mwenyewe nimewaona watu wakitoka pale hawaongei mpaka wafike njiani. Wafaransa picha ile hawakuijali ilipotoka. Waingereza ndio waliompa tuzo, na baadaye wakampa tena, na tena.

Mwaka 1960 akapewa Oscar, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Kiingereza, *Room at the Top*. Mfaransa huyo akawapita wenye lugha yao! Na Marekani ilikuwa imeshawahi kumkatalia viza, yeye na mume wake, kwa sababu ya siasa zao na kwa kuwa waliweka sahihi ya kupinga mabomu ya nyuklia. Wewe mtu wa siasa utapenda hili linalofuata. Aprili amebeba Oscar, dunia yote inamtaka. Septemba ya mwaka huohuo akaweka jina lake kwenye tamko la watu 121 waliosema kwamba kijana wa Kifaransa anayekataa kwenda kupigana na Waaljeria ana haki ya kukataa. Tanganyika bado tuko chini ya Mwingereza, na huyu mama, tuzo mkononi, anasimama upande wa Waafrika wanaodai nchi yao. Waliosaini walipigwa marufuku kwenye redio na televisheni ya serikali. Utasema tena waigizaji hawana msimamo?

La ndoa. Umeniambia nikutajie mwigizaji mmoja aliyekaa na mume. Ndoa yake ya kwanza, na mtengeneza filamu Yves Allégret, ilivunjika, wakiwa na binti mmoja. Mwaka 1951 akaolewa na Yves Montand, mwimbaji, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano waliokimbilia Marseille, aliyeanza vibarua tangu mdogo. Huyo Montand alipokwenda Marekani kucheza filamu na Marilyn Monroe, yaliyotokea yalitokea, na magazeti ya dunia yakayaandika yote. Simone hakutoka kupiga kelele. Walikaa pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha mwaka 1985, na leo wamelala kaburi moja kwenye makaburi ya Père Lachaise, hapa Paris. Nimekwenda kuliona. Jiwe la kawaida tu, majina yao mawili, na maua ya watu wasiowajua. Ndoa ngapi za barabara yetu zimevumilia hivyo, na ndani yake hakuna mwigizaji?

Ila picha iliyonikamata ni ya mwaka 1977, *La Vie devant soi*. Wenzake wengi walikuwa wanaficha umri, yeye aliuacha uso uzeeke watu wakiona. Uzuri wa ile *Casque d'or* ulikuwa umekwisha, amenenepa, macho yamevimba, na wala hakukimbilia kwa daktari wa kukaza ngozi. Anaigiza mwanamke aitwaye Madame Rosa, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, anayelea watoto wa wanawake wanaojiuza, huku mtaa wa Belleville. Anapanda ngazi za jengo lisilo na lifti, mkono kwenye reli, anasimama, anahema, anagomba, anapanda tena. Simone alikuwa na miaka hamsini na sita tu, lakini ukimtazama unaona miguu ya mtu aliyechoka tangu kabla hujazaliwa. Miongoni mwa watoto wake kuna Momo, Mwarabu. Yule mama wa Kiyahudi anamlea katika Uislamu wake, anampeleka kwa mzee wa Kiislamu amfundishe. Mimi nilimwona bibi Mwanahawa pale, na ule uwanja wetu uliojaa watoto ambao hakumzaa hata mmoja, na sauti yake ikituita magharibi. Nililia kaka, na kesho yake niliingia tena. Filamu ile ilipata Oscar ya filamu bora ya kigeni, naye akapata César, tuzo kubwa ya hapa nyumbani kwao.

Baba alitupeleka sinema ya Majestic kuangalia picha za Kihindi, sote tukalia na Mama akalia, hakuna aliyesema wale mabinti wa kwenye pazia wanajianika. Sasa wa kwetu ana kipaji, anakatazwa.

Uamuzi wangu ni huu, na mimi ndiye shangazi yake, nina haki ya kusema. Bagamoyo ni chuo cha serikali, kipo tangu mwaka 1981, kinatoa cheti na stashahada. Ada nitailipa mimi, moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, haipiti mkononi mwa mtu. Zainabu anitumie namba ya malipo na orodha ya vitu vya bweni. Dawa za Mama zinakuja Ijumaa kama kawaida, hizo hazina mjadala. Kama wifi anataka cherehani kwa ajili yake mwenyewe, aniambie yeye, tutaelewana.

Nimewakumbuka mno. Harufu ya samaki wa Deep Sea jioni inanijia nikiwa kwenye treni, najikuta nimepitiliza kituo. Yule kijana wa kwa mzee Kombo anasafiri mwezi ujao. Mpeni visheti vya Mama na kanga mbili zilizovaliwa, nataka za zamani. Na fomu ya chuo ina tarehe ya mwisho. Isaini kabla hujaenda shamba.

Wasalaam,
Mdogo wako Mwanaidi