Watu wa bondeni tuambiwe kina cha mto, si mvua tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme jambo moja kuhusu Mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam na wakazi wa kandokando yake, kuanzia Tabata na Vingunguti hadi Kigogo, Mchikichini na Hananasif.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, habari hufika. Redio hutangaza, watu hutumiana kwenye simu. Lakini habari hiyo ni ya mvua, na mvua si mto. Msimbazi unatokea vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na hadi kuingia baharini pale Selander una urefu wa kilomita 35 hivi. Mvua ikipiga huko juu usiku, mtu wa Kigogo anaweza kuamka uwanja ukiwa mkavu, na kabla ya adhuhuri maji yako kizingitini. Asiyeona mvua kwake hahami. Watu humwita mkaidi, kumbe hana chochote cha kumwonyesha kwamba maji yako njiani.

Kinachotakiwa ni alama za kina kwenye madaraja, na watu wa kuzisoma. Mto huu unakatwa na barabara ya Mandela pale Tabata, barabara ya Kawawa pale Kigogo na barabara ya Morogoro pale Jangwani. Kila daraja lipakwe rangi ya mafuta, mistari kila sentimita 10, tarakimu kubwa za kusomeka usiku kwa tochi. Juu yake mikanda mitatu: nyeupe ni salama, njano watu wafungashe, nyekundu watoke. Linaloonekana Tabata ndilo litakalofika Kigogo, kwa hiyo msomaji wa juu ndiye anayempigia wa chini.

Kazi hii ina mitego yake. Alama zikipimwa kuanzia kitako cha mto, zitadanganya baada ya masika moja tu, kwa sababu mchanga unaoshuka kutoka juu huinua kitako, hasa Jangwani ambako mto unapoa mwendo na kutua mzigo wake. Vipimo vishuke kutoka juu, kwenye ukingo wa chini wa daraja ambao hausogei, ili tarakimu iseme imebaki nafasi gani kabla maji hayajagusa daraja. Pia alama zisiwekwe kwenye nguzo ya katikati. Hapo ndipo magogo, magodoro na chupa hunasa, maji yakapanda upande mmoja wa nguzo na kushuka upande wa pili. Ukuta wa pembeni ndio mahali pake. Usomaji uwe kila nusu saa tangu angalizo litolewe, na pawe na filimbi na vipaza sauti vya misikiti, maana umeme hukatika na chaji za simu huisha wakati huohuo unapozihitaji.

Jambo la pili ni bahari. Wavuvi wanalijua vizuri kuliko sisi wa bara la mji: mvua ileile ni hatari zaidi wakati wa bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya bahari hapa Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Bahari ikijaa, mto hauna pa kumwaga, na Mto Ng'ombe unaotokea upande wa Sinza na Tandale nao unasukuma uingie. Maji husimama Hananasif na Jangwani hadi kupwa. Tangazo lolote la mafuriko ya bonde la chini lisilotaja saa ya kujaa limekosa nusu ya habari.

Sasa mkanda wa njano ukiguswa, nyumbani kuna mambo ya kufanywa kwa mpangilio. Swichi kuu izimwe kwanza, mikono ikiwa mikavu, kabla maji hayajafika kwenye soketi za chini. Mtungi wa gesi ufungwe vavu na kufungwa kamba, kwani huelea. Choo cha kuvuta kizibwe kwa kiroba cha mchanga ndani ya sinki lake: nyumba nyingi maji huanzia chooni, si mlangoni. Viroba vya mlangoni visijazwe pomoni. Kiroba kilichojazwa nusu, mdomo ukakunjiwa chini, hukaa bapa na kushikana na mwenzake. Kilichojaa kabisa huwa duara na kuacha matundu. Vipangwe kama tofali, kiungo juu ya katikati ya kiroba cha chini, nailoni nzito ikitangulia upande wa mto. Maji yakizidi magoti, acheni kuzuia. Ukuta wa tofali la inchi 6 haukujengwa kuhimili maji ya upande mmoja, na kadiri ndani panavyobaki pakavu ndivyo unavyosukumwa kuelekea waliomo. Na maji yaendayo kasi, hata ya sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Asivuke mtu na mtoto mgongoni.

Hapa niseme wazi kuhusu kutapisha vyoo. Anayefungulia shimo lake mvua ikinyesha anaona ameokoa gharama ya gari la majitaka. Uchafu ule hausafiri kwenda baharini. Unatua kwenye visima na sebule za majirani wa chini, na kipindupindu hakiulizi kimetoka kwa nani. Baada ya mafuriko, maji ya kisima yachujwe kwa kitambaa kizito kisha yachemshwe, au yatiwe kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20, viwili kama yana tope, na kuachwa nusu saa.

Najua jibu litakalotolewa: bondeni si mahali pa kuishi, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Ni kweli. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, na sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi unalipa fidia na kujenga daraja jipya Jangwani. Hayo yaendelee. Ila fidia ya nyumba humfikia mwenye nyumba, naye mpangaji hutafuta chumba kingine cha bei ileile, na mara nyingi anakipata mita mia mbili tu juu ya mto uleule. Huyo atakuwapo masika ijayo.

Rangi ya mafuta makopo machache kwa kila daraja, kibali cha wenye barabara, na wasomaji wawili wa zamu kila kata, wenye makoti ya mvua, tochi na posho. Naziomba kamati za maafa za kata zilizo kandokando ya mto zilijadili hili kabla ya Machi, na zianze na daraja la Tabata, kwa sababu lile ndilo linalotupa muda.

Mkazi wa bondeni,
Kigogo, Dar es Salaam