Hita ya karavani: tazama soketi kabla ya hita

Plagi aliyotuwekea mteja mezani wiki iliyopita ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, mguu mmoja umezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Hita yenyewe nzima kabisa. Aliiacha ikiwaka usiku kucha kwenye karavani yake, ile nyumba ya magurudumu ya kusafiria, ikipitia ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Tunamshukuru Mungu kwamba harufu ilimwamsha.

Hapa Minnesota, kuanzia mwezi wa kumi wateja wetu huuliza swali moja: hita ipi ina moto zaidi? Ndugu zangu, hita za kuchomeka kwenye soketi ya kawaida huku Marekani karibu zote zinaishia wati 1,500, ya bei rahisi na ya bei ghali, na joto lao ni lile lile. Zinatofautiana katika kulisambaza. Ya feni hupasha chumba upesi ila ina kelele. Ile yenye mafuta ndani, inayofanana na radieta, huchelewa kupata moto lakini haina kelele, na ikijizima hupoa polepole. Kwa kulala tunapendekeza hiyo, mradi uwe na mahali pa kuisimamisha mbali na shuka na pazia. Hakikisha inajizima ikianguka, na kwamba unaweza kuishusha hadi wati 750 hivi.

Huko kushusha ndiko kunakoleta usalama. Kwenye volti 120, wati 1,500 ni ampea 12.5. Kama umeme wa kambini ni wa ampea 30, hita peke yake imekula zaidi ya theluthi. Washa na boila ya maji ya kuoga kwa umeme, ampea nyingine 12 hivi zimekwenda. Mtu akiwasha mashine ya kahawa asubuhi, breka, yaani swichi inayokata umeme ukizidi, inaruka. Tena soketi nyingi za ndani ziko kwenye breka ya ampea 15, ambayo kwa kazi ya saa nyingi mfululizo haitakiwi kubeba zaidi ya 12. Kwa hiyo usiku ishushe, ichomeke moja kwa moja ukutani, na baada ya nusu saa ishike plagi. Ikiwa vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, zima.

Halafu kuna mabomba. Katika karavani nyingi, hita ya gesi iliyojengewa humo hupuliza joto hadi chini ya sakafu, kwenye mabomba na matanki. Hita ya umeme ikishapasha chumba, kidhibiti joto kinaona pametosha, gesi haiwaki, na kule chini maji yanaganda huku wewe umelala raha mustarehe. Usiku wa barafu, punguza hita ya umeme mpaka usikie gesi ikiwaka mara kwa mara.

Kama plagi ya waya wako mkubwa wa ampea 30, ule unaoleta umeme wa kambini kwenye karavani, ina weusi kwenye miguu, tuletee kabla ya safari. Kuikagua hatutozi chochote.