Ile picha ya Nguzo za Uumbaji, maelezo yake hayako sawa

Mhariri, salamu kutoka Dodoma. Naomba nafasi kidogo maana ile picha ya Nguzo za Uumbaji, yale mawingu marefu ya gesi na vumbi huko angani, mliyoitoa ukurasa wa sayansi ni kali sana, watoto hapa wameikata wakaibandika ukutani, ila maneno ya chini yake yamenikera. Mmeandika eti darubini ya James Webb imeona mpaka ndani ya vumbi kwa sababu ina nguvu kuliko Hubble, ile darubini ya zamani iliyoko angani. Sio hivyo jamani.

Hubble yenyewe inawakatalia. Kioo chake ni mita 2.4, hakijawahi kubadilishwa toka irushwe 1990. Mwaka 1995 ikapiga zile nguzo kwa mwanga wa kawaida zikatoka nene nyeusi, huoni kitu nyuma, halafu 2014 ikazipiga tena na safari hiyo walitumia pia infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, kwa kamera ambayo wanaanga walienda kuifunga 2009, basi nguzo zikawa nyepesi na nyota kibao zikachomoza ndani na nyuma yake. Kioo kilekile! Webb ina kioo cha mita 6.5 ndio, na ukubwa unasaidia kuona vitu hafifu, lakini kupenya vumbi ni habari nyingine kabisa.

Mimi ni fundi wa redio na tivii, infraredi ndio kazi yangu ya kila siku. Mteja akileta rimoti imekufa, kitu cha kwanza nafungua kamera ya simu, ile ya selfi maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio cha kuzuia infraredi, naielekezea kataa ka mbele ka rimoti halafu nabonyeza. Kwa macho huoni kitu, kwenye skrini kanawaka zambarau hivi. Kakiwaka basi rimoti nzima, mgonjwa ni tivii. Mwanga upo, macho yetu tu hayaupati.

Sasa vumbi la angani punje zake ni za kaboni na za mawe, nyingi hazifiki hata maikromita moja, yaani milimita ukiigawa mara elfu. Mwanga tunaouona mawimbi yake ni maikromita 0.4 mpaka 0.7, unakaribiana na hizo punje kwahiyo unagonga unatawanyika, infraredi ina mawimbi marefu zaidi inapita zake. Msije mkadhani ni sawa na vumbi letu la mwezi wa nane, hili linaloingia mpaka ndani ya spika, punje zake ni kubwa mno na infraredi nayo inagonga mwamba.

Anayetaka kujua hili jambo lina faida gani atoke nje ya mji, Bahi au Hombolo huko, usiku wa mwezi wa saba usio na mbalamwezi, aangalie juu upande wa kusini. Ule mkanda mweupe wa nyota una mabaka meusi, watu wanadhani pale hamna nyota, kumbe zimejaa tele vumbi limezificha. Upande huohuo, umbali wa miaka ya nuru kama 26,000, ndio katikati ya galaksi yetu. Mwanga wa kawaida ukitoka kule, katika chembe zake trilioni moja inatufikia kama moja tu, wakati kwa infraredi ya maikromita 2.2 inafika kama moja katika kumi. Ndio maana wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez, kila mmoja na timu yake, waliweza kufuatilia nyota moja inayozunguka pale kwa miaka 16 kila mzunguko, ikaonekana kuna shimo jeusi, kitu kizito mno ambacho hata mwanga hauchomoki, lenye uzito wa majua milioni 4 hivi, wakapewa Nobel 2020. Na darubini zao zipo hukuhuku duniani, milimani Chile na Hawaii, kwahiyo isiwe kila kitu Webb.

Halafu rangi. Zile zimepangwa na wataalamu, mawimbi mafupi yanapewa bluu, marefu nyekundu. Tena Webb hiyohiyo ina kamera ya mawimbi marefu zaidi, MIRI, picha yake ya nguzo ilitoka Oktoba 2022 na nyota nyingi hazionekani, vumbi lenyewe ndio limetawala. Hiyo kwa maelezo yenu ya nguvu mngeielezaje?

Ombi langu, siku nyingine andikeni chini ya picha ni mwanga wa aina gani. Na zile mbili za Hubble, ya 1995 na ya 2014, ziwekeni ukurasa mmoja, na za rangi tafadhali, sio kama mlivyotufanyia kwenye kupatwa kwa mwezi mkatupa doa jeusi tupu.

Fundi redio, Dodoma