Shangazi, mama anaitamani Amu na wenzangu wamekwisha chagua Diani

Shangazi mpenzi,

Salaam aleikum. Nimekusoma miaka mingi, na si mara moja nimesimamisha cherehani ili niwasomee jirani zangu majibu yako. Leo na mimi nimeshika kalamu. Naomba jina langu ulifiche. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha mwenyewe ili tusijulikane, kwa sababu ndani ya barua hii imo siri ya mama yangu.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale hapa Mombasa, na kazi yangu ni kushona sare za shule. Kwetu tumezaliwa wanne, mimi ndiye mkubwa. Anayenifuata yuko Leicester, Uingereza, na mkewe na watoto watatu. Wa tatu ni dada, ameolewa Bamburi, ana watoto wawili. Kitinda mimba yuko Nairobi, bado hajaoa. Tangu baba afariki hatujawahi kukaa pamoja sote chini ya dari moja hata usiku mmoja. Ndiyo maana miaka miwili iliyopita tukakubaliana kila mmoja atoe shilingi 2,500 kwa mwezi, na pesa niziweke mimi. Sasa zimefika 240,000. Mdogo wangu wa Leicester anakuja Agosti shule za huko zikifungwa, na za kwetu pia zitakuwa zimefungwa. Tutakuwa watu 16, tukae siku tano kwenye mji mmoja wa pwani. Mji gani, ndilo swali, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mkoba, neno la mwisho wameniachia mimi.

Utasema, mtu wa Mombasa anatafuta pwani ya nini, na bahari iko mlangoni? Shangazi, bahari ninayoiona kila siku ni ile ya mkondo wa bandari, meli zikipita. Jumapili tukijitahidi sana ni ufuo wa Pirates pale Bamburi, tunakula viazi karai, jua likizama tunagombania matatu ya kurudi. Kulala mahali ukaamka na bahari, mama akiwa pembeni na wajukuu wote wanamzunguka, hilo hatujalipata.

Walipoanza kuchagua, kitinda mimba alitaka Kilifi kwa sababu ya utulivu wa ile hori. Mume wangu akataja Malindi, lakini hakushikilia. Dada akataka Watamu, na hoja yake naikubali mpaka leo: kule kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, mtoto akivaa miwani ya kuzamia anaona samaki wa rangi zote mita chache chini yake, kobe wa baharini wapo, na magofu ya Gede ni karibu. Kasoro ni kwamba hifadhini kuna kiingilio, na watoto wa mdogo wangu wana pasipoti za Uingereza, kwa hiyo hutozwa kiwango cha wageni. Tulipopiga hesabu ya siku tatu za kuingia majini, dada akanyamaza.

Ikabaki Diani. Mdogo wangu ametuma picha za mchanga mweupe kama unga wa sembe na maji ya kijani, na nyumba ya kupangisha yenye kidimbwi cha kuogelea na vyumba vya kututosha. Watoto wote wamepiga kura kwenye simu, hata wangu. Likoni tunavuka na feri, au tunazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka kabisa, na kutoka hapo haichukui hata saa nzima. Mama hatachoka. Ukiitazama kwa akili, Diani ndiyo jibu.

Lakini hata hiyo Diani nimewaambia ukweli wake, nao wameniona nataka kuwavunja moyo. Marehemu baba alikuwa baharia wa majahazi, na sisi tulilelewa kwa hesabu ya pepo kabla ya hesabu ya shule. Picha zile zimepigwa wakati wa kaskazi, Desemba au Januari, bahari imelala. Agosti ni kusi. Huko Leicester wanaita kiangazi, kwetu ni kipupwe. Upepo unavuma mchana kutwa, maji yanachafuka, na mwani unaletwa ufuoni kwa mafungu hata mchanga hauuoni. Mwani si uchafu, ni kazi ya bahari na una manufaa yake, lakini mtoto aliyeahidiwa picha ile atalia. Nimewasihi pia tutazame mwezi kabla ya kuweka tarehe. Tukiangukia bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakipwa yanakimbilia huko kwenye mwamba na watoto watakuwa wanatembea tu badala ya kuogelea. Tukiangukia maji mafu, bahari haiendi mbali, watacheza mchana wote. Mdogo wangu amejibu kwamba ndiyo maana nyumba ina kidimbwi. Nilisikitika kidogo. Mtoto wa baharia asafiri kutoka Uingereza aje kuogea kwenye kidimbwi.

Sasa nije kwenye kiini. Mama yangu ni mtu wa Amu, mzaliwa wa mtaa wa Langoni. Mpaka leo hasemi Lamu, anasema Amu. Aliolewa akaletwa Mombasa mwaka 1974, na mara ya mwisho kurudi kwao ilikuwa 1996, alipokwenda kumzika mama yake. Tangu hapo ni watoto, ni ugonjwa wa baba, ni pesa. Sote tulipomuuliza anataka kwenda wapi alijibu, "Mtakapokwenda nyinyi ndipo pangu." Wenzangu wakaridhika na jibu hilo. Mimi ninaishi naye nyumba moja, sikuridhika.

Usiku mmoja baada ya isha nilikuwa namkanda magoti kwa mafuta ya nazi, kama kawaida yetu. Nikamuuliza tena, tukiwa wawili tu. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaanza kunitajia vichochoro vya Langoni kimoja kimoja, nani alikuwa anakaa wapi, baraza gani wazee walikuwa wakikaa baada ya alasiri, mkate wa mofa ulikuwa ukinunuliwa mlango gani. Akanieleza walivyokuwa wakienda Shela kwa miguu maji yakipwa, wasichana peke yao, wakirudi na buibui zimelowa mpaka magotini. Mwisho akasema, "Nataka nimsomee mama Yasini kaburini kabla miguu haijanigomea. Na ningependa watoto hawa waione nyumba niliyozaliwa." Nilitaka kuinuka niwapigie wenzangu simu saa ile ile. Akanishika mkono. "Usiwaambie. Wakijua watakwenda kwa kunistahi mimi, na safari ya kustahiana haina raha. Waache watoto wafurahi."

Shangazi, tangu usiku ule silali vizuri.

Kwenda Amu si jambo jepesi, na sitaki nikufiche chochote. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Basi linaondoka alfajiri, ni mwendo wa saa saba au nane, kisha Mokowe unashuka upande mashua ya kukuvusha kisiwani. Mama ana sukari na presha, na hayo magoti. Nikifikiria ngazi za gati, na mashua inapandishwa na kushushwa na kusi, naona mkono wake unanitoka. Mjini hakuna magari, ni miguu au punda, na vichochoro vyenyewe vina vipando na mashimo. Nyumba nyingi za zamani vyumba vya kulala viko juu, ngazi zake zimesimama wima. Ipo ndege inayotua Manda, lakini nayo unamalizia kwa mashua, na kwa watu 16 pesa yetu ingeishia angani.

Halafu kuna hofu ya wifi yangu. Yeye ni mwalimu huko Leicester, mtu mwema sana, tunapendana. Amesoma kwamba serikali yao imekuwa ikiwaonya raia wake kuhusu sehemu za bara za kaunti ya Lamu, na basi linapita huko huko. Siwezi kumwambia mzazi mwenzangu kwamba hofu juu ya wanawe ni upuuzi. Isitoshe naamini akifika atakuwa wa kwanza kuupenda mji ule, maana anasomesha historia, na Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kutoka ngomeni hadi ufuo wa Shela angetembea na wanafunzi wake wote. Lakini hilo ni baada ya kufika.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiamini kimya cha mama. Miaka michache iliyopita tulimpeleka pwani siku ya Idi, mji sitautaja. Tulitandika jamvi chini ya mvinje, tukafungua sufuria ya pilau. Mlinzi wa hoteli moja akatujia akatwambia tuondoke, eti tunawaharibia wageni mandhari. Mume wangu alimjibu kwa adabu kwamba Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, imeiweka ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, na sisi tumekaa penye mchanga ulio mbichi. Wakaanza kupandishiana sauti. Nilipogeuka nikamwona mama amekwisha kunja jamvi, amelitia kwapani, anatembea. Hakulalamika siku ile wala baadaye. Njiani aliuliza tu kama watoto wameshiba. Basi anaponiambia "mtakapokwenda nyinyi ndipo pangu", ninamwona na lile jamvi kwapani.

Nilimweleza mume wangu nusu ya habari, bila ya kutaja kaburi. Rai yake ni kwamba twende Diani wote kama walivyochagua, halafu Januari, kaskazi ikiwa imetulia na bahari laini, nimchukue mama twende naye Amu sisi wawili taratibu, tulale Malindi njiani ili asiumie. Rai hiyo ina uzito, nakiri. Upepo wa Januari ni rafiki kwa mashua, na mama peke yake gharama yake ni ndogo. Lakini mama hakusema anataka kwenda na mimi. Alisema anataka watoto waione nyumba. Mdogo wangu huja mara moja kila miaka minne. Akirudi mara nyingine, mama atakuwa anaweza kupanda mashua? Na Januari hiyo mimi nitakuwa nashona sare usiku na mchana, ndio msimu wangu wa riziki, nikifunga mlango wiki moja wateja wanakwenda kwa mwingine.

Nimewaza pia tuigawe safari: siku tatu Diani kwa watoto, kisha wanaotaka wafuatane na mama. Tatizo ni kwamba Diani iko kusini na Amu iko kaskazini, tutakuwa tunarudi Mombasa na kuanza upya. Ingekuwa Watamu au Malindi ingekaa kwenye njia: tungelala huko siku mbili, watoto wapate bahari yao, mama apumzishe magoti, kisha tuendelee. Moyo wangu unaelemea hapo. Lakini kuwashawishi wenzangu waiache Diani waliyokwisha ipenda, waongeze pesa ya nauli, na wifi aivuke hofu yake, nitahitaji sababu. Na sababu niliyo nayo ni moja tu, ile niliyoambiwa niifunge.

Ndipo nilipokwama, Shangazi. Nikisema, nimevunja amana ya mama, na namjua, atakataa kwenda hata Diani akiona watu wamebadili safari kwa ajili yake. Nisiposema, nitalipia mimi mwenyewe nyumba ya Diani huku najua anachokitamani, na wenzangu wakija kugundua siku ambayo haitafaa tena, watanilaumu kwamba niliwanyima nafasi ya kumfanyia mama yao wema. Mdogo wangu ana moyo mlaini mno. Nina hakika angejua leo angebadili kila kitu leo.

Je, iko namna ya kuwaelekeza Amu bila kumtaja mama? Niseme ni hamu yangu mimi? Ningeweza, maana si uongo, nami nataka kuiona Langoni. Au nirudi kwa mama nimwombe anifungue ulimi, nimwambie ukweli kwamba siri hii imenilemea? Naogopa akinikatalia mara ya pili nitakuwa nimejifungia mlango na dirisha. Na lile suala la magoti na mashua, wewe na wasomaji wako mliowahi kumvusha mzee Mokowe wakati wa kusi, mlifanyaje? Kuna saa ya asubuhi ambapo upepo bado haujaamka? Baba angenijibu hili kwa neno moja, na hayupo.

Mwenye nyumba ya Diani anataka arubuni ifikapo tarehe 20, akikosa atampa mtu mwingine. Mdogo wangu ananipigia kila jioni kuuliza kama nimekwisha tuma. Namwambia bado nina kazi ya watu mezani. Jana mama alikuwa ameketi karibu yangu nikimjibu hivyo, akainua uso akanitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Nijibu upesi, Shangazi wangu.

Wasalaam,
Binti wa Baharia, Kibokoni, Mombasa