Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Je, leza ile iliwashwa?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, maana kiti kimenishinda tangu asubuhi. Salamu kwanza. Sikukosa adabu, ni kiuno tu kinachonisumbua, mwaka wa sita sasa. Nadhani kilianza siku niliyoinua mashine ya kufulia peke yangu nikijitia ujana, ingawa daktari mmoja alilaumu viti vya ofisini, na mwingine akasema picha haionyeshi kitu.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwenye awamu ya tisa ya akupancha ya leza. Badala ya kuchomwa sindano, unawekewa kitu mfano wa kalamu kwenye nukta zilezile za tiba ya Kichina, kiunoni na nyuma ya goti, muda mfupi kila nukta. Hakichomi wala hakipashi joto, na mwanga wenyewe ukiwa wa infraredi, jicho haliuoni. Nikalala kifudifudi, nikashusha pumzi, nikamwambia binti anayenihudumia kwamba leo naisikia inafanya kazi kweli kweli. Akanyamaza. Kisha akasema, "Samahani mzee, kumbe sikuiwasha."

Nilicheka mpaka kiuno kikanikanya. Usiku sikucheka tena. Kama siku ya tisa sikutambua, zile nane nazo je?

Nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kulipa. Kumbe alichofanya binti yule kwa kusahau, watafiti wa Australia walikifanya kwa makusudi. Jaribio lao la watu 144 lilichapishwa mwaka 2014: wengine walimulikwa leza kweli, wengine kifaa kisichotoa chochote. Nafuu ilipatikana pande zote, na leza haikushinda. Wapo wanaojibu kwamba kipimo cha mwanga kilikuwa kidogo mno, na huenda wana hoja. Hata chama kimoja cha madaktari wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliitaja leza ya nguvu ndogo miongoni mwa tiba za maumivu sugu ya kiuno, huku kikikiri kwamba ushahidi wake ni hafifu. Nao WHO, Desemba 2023, walipendekeza elimu na mazoezi, na akupancha ya sindano wakaikubali kwa masharti. Mazoezi! Katika awamu tisa hakuna aliyenitajia neno hilo.

Basi kipimo changu mimi kilikuwa juli ngapi, yaani nishati kiasi gani, kwa kila nukta? Kifaa kina nguvu ya miliwati ngapi? Niliuliza, nikaonyeshwa cheti ukutani. Na miwani ya kinga, Mheshimiwa, maana leza isiyoponya kiuno bado inaweza kuharibu jicho? Chumbani ilikuwapo moja. Aliivaa yeye.

Miaka miwili iliyopita ulituahidi mwongozo wa tiba za namna hii "hivi karibuni". Hiyo hivi karibuni yako, Mheshimiwa, imeshaota meno na sasa inatembea. Huenda faili limelaliwa na faili jingine. Huenda wenye vifaa wana sauti nene kuliko sisi tunaopita tumejishika viuno. Nakisia tu, kwa kuwa ofisi yako haijibu barua, nimeandika tatu.

Siombi uifunge tiba hii. Pengine inamfaa mtu, pengine kwa kipimo kikubwa zaidi. Naomba mgonjwa aandikiwe kwenye kadi nguvu ya kifaa na kipimo alichopewa, aambiwe ukweli kuhusu ushahidi kabla ya kutoa pesa, na apewe miwani. Kadi, ukweli, miwani.

Na kama hayo ni mzigo mzito kwa wizara, basi nipe hili moja tu: amuru kila kifaa kilie kinapowashwa. Nikiwa kifudifudi sioni, lakini masikio yangu ni mazima. Awamu ya kumi ni Jumanne ijayo, na nimeshailipia.

Wako mtiifu,
Mgonjwa wa kiuno, bado nimesimama