Yah: Malipo ya waimbaji wa kundi na wa akiba kwenye albamu ya mchezo wetu

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakuandikia kwa heshima, ingawa iliyobaki ni kidogo.

Kanuni ya Broadway, kumbi kubwa za maigizo za New York, mnaijua: msanii wa jukwaani akiitwa studio kurekodi albamu ya mchezo, siku moja ya saa 8 hulipwa mshahara wake wa wiki nzima. Michango ya pensheni na bima ya afya huwekwa juu ya mshahara huo, haimegwi humo humo. Hundi zilizotufikia Ijumaa zimemegwa. Waimbaji wa akiba wawili hawakupata hata hiyo iliyomegwa.

Hao ndio wanaotuuma. Jumatatu ile, siku ambayo ukumbi hufungwa na watu hupumzika, waliingia studio saa 4 asubuhi sawa na wengine. Korasi ya kufunga sehemu ya kwanza waliirudia mara 11, kwa sababu fundi alitaka sauti iwe nzito. Jioni mhasibu wenu akaja na karatasi ya mahudhurio, akawakata majina kwa kalamu nyekundu mbele ya kundi zima: "Nyinyi mlikuwa mnajazia tu."

Kujazia ndiyo kazi waliyoitiwa! Sauti ikiingia kwenye maikrofoni na kubaki kwenye rekodi, inalipwa, awe nyota au wa safu ya nyuma.

Muda nao mmeupunguza. Tulitoka saa 2 na dakika 20 usiku. Ukitoa saa moja ya chakula, tulifanya kazi zaidi ya saa 9. Nyinyi mmeandika 8.

Kuna na redio za intaneti. SoundExchange, shirika linalokusanya malipo ya redio hizo, hugawa 50% kwa mwenye rekodi, 45% kwa wasanii wakuu na 5% kwa wasio wakuu, na fungu la wasanii halipiti mikononi mwenu. Lakini litamfikiaje mtu ambaye orodha ya wimbo haimtaji? Nyimbo zote 19 mmezijaza "Waigizaji wa Awali", basi. Msimbo wa ISRC, namba ya kutambulisha kila rekodi, upo, majina hayapo. Kutujibu kwa simu kwamba "Spotify watalipa" ni kutuzungusha. Fedha za Spotify, tofauti na zile za redio, huingia kwenu kwanza.

Ile kalamu hatuisahau. Hedifoni zilikuwa bado shingoni mwao. Mmoja aliuliza kama aende nyumbani, akaambiwa amalizie kwanza korasi ya mwisho. Akaimba. Jina mmelikata, sauti mmeichukua, na kwenye albamu inasikika.

Tulikusudia kuomba hundi mbili tu. Sasa tunataka hundi hizo, michango yote, saa zilizozidi, orodha ya waimbaji kwa kila wimbo, na mhasibu awaombe radhi pale pale alipowakatia majina. Siku 7. Karatasi ya mahudhurio tuliipiga picha kabla haijaguswa na wino mwekundu. Siku ya 8 picha hiyo itakuwa mezani kwa vyama vya wasanii, Actors' Equity na SAG-AFTRA, na hakuna kati yetu atakayeingia tena studio yenu kabla ya kulipwa.

Wenu,
Waimbaji wa kundi na wa akiba
New York