Shukrani kwa mzee aliyetupa kibwagizo

Shikamoo mzee wangu. Jina lako silitaji kwa kuwa hukupenda litajwe, lakini shukrani hizi ni zako.

Pale barazani Makorora, Tanga, ulitupa mshororo mmoja tu, yaani mstari mmoja, uwe kibwagizo cha kufungia kila ubeti:

Paka kalala jikoni, panya kachukua nyama.

Mizani (silabi) 16, yaani 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili; vina, silabi za mwisho wa kila nusu, ni “ni” na “ma”. Mishororo mitatu ya juu ukatuachia tutunge wenyewe. Tulicheka sote. Kisha ukauliza kwa upole, “Na huyo paka, kwa nini kalala?” Swali hilo ndilo lililonifungulia ushairi. Mwenzangu aliandika juu ya walinzi wanaosinzia huku mali ya umma ikiliwa. Mimi nikaanza hivi:

Msimcheke jamani, jana kauguza mama.

Ulinyamaza kidogo, ukasema niendelee. Mizani ulizihesabu kwa vidole bila huruma, lakini wazo langu hukuligusa. Naamini mshairi hufunzwa hivyo.

Siku hizi wanangu hunipa vibwagizo vyao, vya kuku, vya mvua, hata vya deni la dukani, nami natunga. Mwenyezi Mungu akujalie afya na umri mrefu. Ahsante sana, mzee wangu.